Android, iPhone au Steam? Kabla hamjanunua Mac, jueni ufunguo anashika nani

"Shikamoo dada. Mimi na mwenzangu tuko Mwanza. Tumetengeneza gemu ya bao la kete kwa Godot, programu ya kutengenezea magemu, kwenye laptop yangu inayotumia mfumo wa Linux badala ya Windows. Unaweza kucheza na kompyuta, au watu wawili mkacheza kwenye simu moja bila bando. Tumejichanga tumefikisha shilingi milioni 3. Mwenzangu anataka tununue Mac mini, kompyuta ya Apple, tuanze na iPhone, anasema wenye iPhone ndio wanaolipa na kule gemu haiibiwi. Mimi nataka Android kwa sababu ni mfumo huria, hakuna wa kutuzuia wala wa kutukata asilimia. Mtu mwingine ametuambia tuachane kabisa na simu, twende Steam, duka la magemu ya kompyuta. Tumefika mahali tunanuniana. Tushauri, dada."

Marahaba, mdogo wangu, na mwenzako msalimie. Nimeisoma barua yako mara mbili. Naona ninyi hamgombanii simu, kila mmoja ana hofu yake. Mwenzako anaogopa mtajitesa mwaka mzima halafu msilipwe. Wewe unaogopa mtajitesa mwaka mzima halafu mtu msiyemjua, aliye nchi ya mbali, aizime gemu yenu asubuhi moja. Hofu zote mbili ni za kweli. Tatizo ni kwamba dawa aliyoichagua kila mmoja wenu haitibu ugonjwa wake.

Nianze na wewe kwa kuwa ndiye uliyeandika. Android si huria kwa namna unavyoifikiria. Msimbo wake wa msingi, yaani maagizo ya programu yenyewe, ni huria kweli: kampuni yoyote inaweza kuuchukua, kuubadilisha na kuuweka kwenye simu inazotengeneza. Lakini kile ambacho mteja wako wa Igoma au Nyegezi anakiita Android kina tabaka la pili juu yake, yaani Google Play na huduma zinazoambatana nayo, na hilo ni mali ya Google. Huawei walilijua hilo kwa uchungu. Mei 2019 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo, na simu mpya walizotoa baada ya hapo ziliendelea kutumia msimbo wa Android lakini bila Google Play. Msimbo huria hakuna aliyewanyima. Walichonyimwa ni duka, na gemu iliyotegemea huduma za Google kwa malipo au kwa kuingia kwenye akaunti haikufanya kazi ipasavyo kwenye simu hizo.

Na asilimia mtakatwa tu. Google wanachukua 15% ya dola milioni 1 za kwanza mnazoingiza kwa mwaka. Utaratibu huo ulianza Julai 2021. Apple nao wana mpango wa wafanyabiashara wadogo tangu Januari 2021, ni 15% hiyo hiyo kwa asiyezidi dola milioni 1 kwa mwaka, na kwa wote wawili lazima mjiandikishe kwanza. Steam ni 30%, na haipungui mpaka gemu ipitishe dola milioni 10. Kwa hiyo kati ya Android na iPhone, kwa watu wa kiwango chenu, makato si hoja. Tofauti iko kwenye kiingilio: Google wanataka dola 25 mara moja tu, Apple wanataka dola 99 kila mwaka, na mwaka ambao hamkulipa gemu inaondolewa dukani.

Sasa nieleze kinachotofautisha mifumo hii kwa undani, maana watengenezaji wengi wa gemu wanabishana kuhusu "huria" na "funge" bila kuangalia kitasa.

Kila programu ya simu hutiwa sahihi ya kidijitali. Ichukulie kama mhuri kwenye barua. Kwenye iPhone, barua lazima iwe na mhuri unaotambuliwa na Apple, sawa na ile barua ambayo ofisi haiipokei bila mhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Simu inaukagua kabla ya kuendesha hata mstari mmoja wa msimbo wenu. Mkitaka kujaribu bila kulipa, akaunti ya bure inaruhusu kuweka gemu kwenye iPhone yenu wenyewe, lakini ruhusa hiyo inaisha baada ya siku 7 na gemu inagoma kufunguka. Hiyo ndiyo maana halisi ya mfumo funge. Simu ni yako, msimbo ni wako, ruhusa si yako.

Kwenye Android mhuri mnauchonga wenyewe. Simu haiulizi ninyi ni nani. Inauliza jambo moja tu: je, toleo hili jipya lina mhuri ule ule wa toleo la kwanza? Ukifanana, inapokea. Ukitofautiana, inakataa katakata, na mchezaji hana njia ila kufuta gemu na kuiweka upya, akipoteza kila alichokihifadhi humo. Ndiyo maana nasema uhuru wenu kwenye Android umo ndani ya faili moja dogo, lile la ufunguo mtakalolitengeneza siku ya kwanza mnapoandaa toleo la kutoa. Likipotea pamoja na laptop, kila aliyepokea gemu yenu kwa APK, yaani faili la kusakinishia linalogawiwa bila kupitia dukani, hamtaweza kumpelekea toleo jipya tena.

Na hapa kuna mtego ambao wengi wanaingia bila kujua. Tangu Agosti 2021, gemu mpya inayoingia Google Play lazima ipakiwe kwa muundo wa AAB, kifurushi ambacho Google hukitumia kutengeneza APK, na Google ndio wanaotia sahihi ya mwisho. Wanawapa chaguo mbili, wawatengenezee wao ufunguo au mpakie wa kwenu, na ile inayokuja yenyewe kama hamkugusa kitu ni ya kwanza. Mkiiacha hiyo, gemu ya Play itakuwa na mhuri mmoja na ile APK mtakayowagawia watu mkononi itakuwa na mhuri mwingine. Aliyepata APK kwa rafiki yake hataweza kupokea toleo jipya la Play juu yake. Chagueni kupakia ufunguo wenu. Ni dakika 10 za kazi siku ya kwanza, na mkishawatolea watu gemu, kurudi nyuma ni shida kubwa.

Usidhani pia kwamba mlango huu wa Android utabaki kama ulivyo. Agosti 2025 Google walitangaza kwamba kwenye simu zilizoidhinishwa nao, programu itakubali kusakinishwa iwapo tu aliyeitengeneza amejitambulisha kwao, hata kama programu yenyewe haitoki Play. Walipanga kuanza Septemba 2026 na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, halafu nchi nyingine kuanzia 2027. Baada ya kelele nyingi walisema wataacha njia kwa watumiaji wazoefu na akaunti nyepesi kwa wanafunzi na wanaojifunza. Binafsi jambo hili linaniuma, kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kwa kurusha APK kwa Bluetooth darasani. Lakini ninyi jitambulisheni mapema, msisubiri mlango ufungwe ndipo mtafute kitambulisho.

Sasa mwambie mwenzako asogee, hapa ni zamu yake.

Ni kweli kwamba duniani kote App Store ya Apple inaingiza pesa nyingi kuliko Google Play, ingawa Play inapakuliwa zaidi. Lakini pesa hizo zinatoka sana Marekani, China na Japani. Gemu yenu ni bao. Anayejua namua na mtaji, anayejua kwa nini nyumba ina kete 6 mwanzoni na nyingine 22 zikae mkononi, yuko barazani Unguja, yuko Tanga, yuko Mombasa, na mfukoni mwake mara nyingi kuna Tecno, Infinix au itel. Wapo Waswahili wa Muscat na wa London wenye iPhone, na ndio hao watakaokumbuka nyumbani na kulipa bila kulalamika. Siwadharau hata kidogo. Ila hao mtawafuata baadaye, gemu ikiwa imeshapata watu wa kuisifia.

Kuhusu kuibiwa: mfumo funge unapunguza kunakiliwa, sikatai. Lakini jiulizeni mnaogopa nini hasa. Gemu inayochezwa bila bando na watu wawili kwenye simu moja itarushwa kwa Xender kijiwe kizima, na kila inaporushwa mnapata mchezaji ambaye tangazo la kulipia lisingemfikia. Kama mapato yenu yanatokana na ubao wa ziada au mapambo ya kete anayonunua aliyekwisha kuipenda, nakala si wizi unaowafilisi. Kama mlipanga kuiuza gemu nzima shilingi 5,000 mlangoni, hapo mwenzako ana hoja. Lakini basi mimi ningebadili mpango wa mauzo, si simu.

Kuna kisa ambacho kila mtengenezaji wa gemu anapaswa kukijua. Tarehe 13 Agosti 2020, Epic Games waliweka ndani ya gemu yao ya Fortnite njia ya kuwalipa wao moja kwa moja, wakikwepa makato ya maduka. Siku hiyo hiyo Apple wakaitoa App Store na Google wakaitoa Play. Adhabu ilikuwa moja, matokeo yakawa tofauti. Kwenye Android mchezaji aliendelea kuipakua kutoka tovuti ya Epic. Kwenye iPhone mlango ulifungwa kabisa kwa wachezaji wapya. Ulaya ikarudi 2024 kwa sababu sheria mpya ya Umoja wa Ulaya iliwalazimisha Apple kuruhusu maduka mengine, na Marekani ikarudi Mei 2025 baada ya uamuzi wa mahakama. Miaka karibu 5, na hiyo ni kampuni yenye mawakili wa kila aina. Ninyi wawili mngeweza miezi mingapi?

Ila kisa hicho kina upande wa pili ambao wewe, mdogo wangu, usiuruke. Desemba 2023 baraza la wazee wa mahakama huko San Francisco liliona kwamba Google nao, pamoja na kuacha mlango wazi, walikuwa wamejenga ukiritimba kinyume cha sheria. Mlango wazi wenye maonyo ya kutisha kila hatua ni wachache wanaoupita. Utaliona hilo utakapomtumia mama yako APK na simu yake ikamwambia faili hili linaweza kuwa hatari.

Mfumo funge una jambo jingine linalowagusa wadogo kuliko makesi: unaweza kuamua kwamba gemu yako imezeeka. Septemba 2017, iOS 11, toleo la mfumo wa iPhone, iliacha kuendesha programu za muundo wa zamani wa biti 32. Magemu ambayo wenyewe walikuwa wameshahamia kazi nyingine yalikufa kwa siku moja, si kwa sababu yaliharibika bali kwa sababu hakuna aliyerudi kuyatengeneza upya. Google Play nao wanadai kila mwaka mlenge toleo jipya la Android, la sivyo gemu inafichwa kwa wateja wenye simu mpya. Kwa hiyo popote mtakapokwenda, pangeni siku kadhaa za ukarabati kila mwaka. Gemu ya simu huwezi kuitoa ukaisahau.

Steam je? Huko ndiko mjadala wa huria na funge ulikofanyika kwa faida ya wengi, na nitakueleza kwa sababu unatumia Linux. Mwaka 2012 Gabe Newell wa Valve, kampuni yenye Steam, alisema hadharani kwamba Windows 8 ni janga kwa watu wote wa kompyuta. Hofu yake ilikuwa kama yako: Microsoft walikuwa wanaleta duka lao ndani ya Windows, na yeye biashara yake yote ilisimama juu ya mfumo wa mtu mwingine. Valve wakaanza kujenga njia ya kutokea. Steam ya Linux ilitoka Februari 2013. Mashine zao za sebuleni za 2015 ziliangukia pua, maana mfumo ulikuwa huria lakini magemu hayakuwepo. Hawakuacha. Agosti 2018 wakatoa Proton, programu inayotafsiri maagizo ya gemu ya Windows ili Linux iyaelewe, na Februari 2022 ikaja Steam Deck, kifaa cha mkononi kinachotumia Linux na kinachoendesha maelfu ya magemu ambayo hayakuandikwa kwa ajili yake. Ilichukua miaka 10. Mfumo huria ulipata wachezaji siku ulipowaletea magemu waliyokuwa wanayapenda tayari, na si kabla ya hapo.

Kwenu Steam ni dola 100 kwa kila gemu, mnarudishiwa gemu ikishaingiza dola 1,000. Godot itawatolea toleo la Windows na la Linux kutoka laptop hiyo hiyo. Lakini kwa mauzo yanayofanyika Marekani, Tanzania haina mkataba wa kodi nao, kwa hiyo 30% ya mapato hayo inazuiwa huko huko kabla haijawafikia, juu ya makato ya Steam. Bao la watu wawili kwenye kompyuta nalo halina kijiwe. Ningeipeleka huko kama hatua ya pili, hasa mkiongeza kucheza kwa mtandao. Mkitaka kujaribu soko la kompyuta bila kulipa kiingilio, itch.io, duka jingine la magemu, inawaacha mchague wenyewe asilimia ya kuwaachia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni Android kwanza, lakini si kwa sababu uliyoitoa wewe. Ni kwa sababu wachezaji wenu wako huko, na kwa sababu ni mfumo mnaoweza kutoa gemu dukani na nje ya duka kwa ufunguo mmoja ulio mikononi mwenu. Hilo la nje ya duka lina uzito kwenye malipo. Kanuni za Google Play, kwa sehemu kubwa ya dunia, zinadai kitu cha kidijitali kinachouzwa ndani ya gemu kilipiwe kwa mfumo wa malipo wa Google. Toleo la Play hamwezi kuliwekea lipa namba yenu. Toleo mnalogawa wenyewe mnaweza, na watu wa kwetu wasio na kadi ya benki lakini wana pesa kwenye simu ni wengi.

Mac mini msinunue sasa. Ni kweli Godot haiwezi kutoa gemu ya iPhone bila kompyuta ya Mac yenye Xcode, programu ya Apple ya kutengenezea programu za iPhone, lakini siku ikifika mnaweza kukodi Mac ya mtandaoni kwa saa chache mkamaliza kazi. Hiyo pesa nunueni simu. Simaanishi simu nzuri. Nunueni tatu zilizotumika, za bei ya chini kabisa, zenye RAM ya GB 2, za matoleo tofauti ya Android.

Nasema hivi kwa sababu nimeumia. Gemu yangu ya kwanza ya karata ilikuwa inateleza vizuri kwenye simu yangu. Nikaipeleka kwa fundi simu mmoja Kariakoo, nikamuomba aniwekee kwenye simu yoyote iliyokuwa mezani kwake. Akachukua moja yenye kioo kilichopasuka pembeni. Muziki ukalia, vitufe vikatokea, lakini karata zote zilikuwa vipande vyeusi, kama mlango wa usiku. Nilikuwa nimeweka picha zote za karata kwenye bango moja la pikseli 8192, na chipu ya picha ya simu ile ilikuwa mwisho wake 4096. Haikulalamika, haikuandika kosa popote mteja angeliona. Ilichora weusi tu. Nilikata bango vipande vya 2048 usiku ule ule, na tangu hapo sijawahi kutoa gemu bila kupita kwa fundi kwanza. Ninyi kwenye Godot 4 chagueni mfumo wa uchoraji unaoitwa Compatibility. Bao halihitaji zaidi ya huo, na simu za zamani unazielewa.

Kuna sharti la Google ambalo litawachelewesha msipojipanga. Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 lazima ifanye majaribio ya kundi maalumu (Google wanayaita closed testing) na watu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla gemu haijaruhusiwa kutoka. Mwanzoni walikuwa 20, wakapunguza Desemba 2024. Anzeni kuwakusanya leo, na wachukueni 16 au 17, maana wapo watakaojitoa katikati na hesabu ikaharibika.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyamaliza, na kwa hayo tafuteni mtu wa kukaa naye uso kwa uso. La kwanza ni ninyi wawili. Akaunti itakuwa kwa jina la nani? Ufunguo atautunza nani? Siku mkiachana, gemu ni ya nani? Nendeni kwa wakili mkaandikiane sasa hivi, kabla hamjapata hata shilingi, kwa sababu baada ya pesa kuingia maswali haya huwa yanaulizwa kwa sauti nyingine. Mkisajili kampuni BRELA, muulizeni mhasibu kuhusu TRA kabla malipo ya kwanza hayajaingia. Kama kuna mchapishaji wa nje atakayewatumia mkataba unaodai umiliki wa gemu au ufunguo, msisaini kwa sababu ya furaha. Mpelekeeni wakili anayeelewa hakimiliki ausome, hata kama ni siku mbili tu zimebaki. Na kama akili ya kompyuta inayocheza bao mmeijenga juu ya msimbo wa mtu mwingine, angalieni leseni yake leo. Leseni ya GPL, moja ya leseni za programu huria, imewahi kugongana na masharti ya App Store hadi VLC, programu ya kuchezea video, ikaondolewa humo Januari 2011.

Faili la ufunguo liwekeni sehemu tatu: laptop yako, flashi iliyo kwa mwenzako, na nakala iliyofungwa kwa nenosiri kwa mtu mzima wa familia mnayemwamini. Halafu kabla ya kuanza zile siku 14 za majaribio ya Google, ichukueni gemu mpeleke kwa wazee wanaocheza bao jioni, muwape simu, mkae kimya. Wakifika kwenye nyumba, tazameni wanachofanya wanapotaka kuilala, yaani kuishia hapo, na gemu ikawakatalia. Andikeni kila walichokisema, kisha mniandikie.